Sakafu ya Miaka Yote

Kaka yangu mpendwa,

“Sakafu ni kitu cha kukanyaga. Mtu akianza kuisimamia na kuieleza, ujue amekosa kazi ya kufanya.”

Hayo ni maneno yako ya kwenye simu Jumapili iliyopita. Nimeyaandika kama ulivyoyatamka ili usije ukadai nimekusingizia, na nina nia ya kuyavunja moja baada ya jingine. Lakini Mama hakutulea kuanza ugomvi kabla ya salamu, kwa hiyo pokea kwanza salamu zangu, nyingi na za moyoni, ingawa anayezileta ameshakunja mikono ya shati. Mgongo wako unaendeleaje? Ile baridi ya huko imelegea, au bado mnakula mmevaa makoti? Wifi goti lake limeanza kukubali ngazi? Waambie watoto kwamba shangazi yao ameziona picha zao, na kwamba yule mkubwa akiendelea kurefuka hivyo itabidi tuwe tunazungumza naye kwa kipaza sauti. Sisi huku tunapumua, tunafanya kazi, tunagombana na tunapatana. Habari za Mama nazo zimo humu, ila nitazileta mahali pake, na nakuomba usiruke kurasa kuzitafuta.

Sasa tuje kwenye kesi. Najua utafika mwezi ujao, na najua muuza vigae ameshakuahidi kodi nono iwapo ukumbi wa Baba utakabidhiwa kwake ukiwa mtupu, sakafu yake imebomolewa, ili atandaze vigae vyake vinavyong'aa na kuwafundisha wateja namna ya kung'aa. Ukumbi ni wako kwa karatasi, hilo silibishi. Baba alikuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekwenda ugenini kubeba mizigo ya watu ili mimi na kitindamimba wetu tusome, na kila neno la kejeli ninaloliandika gazetini limesimama juu ya mgongo wako huo unaouma. Sijawahi kukuambia hivyo, kwa kuwa kila tukizungumza tunabishana. Basi leo nimekuambia. Asante, Kaka. Tuendelee kubishana.

Umesema sakafu ni kitu cha kukanyaga. Kweli tupu, na hapo ndipo ulipojifunga bao mwenyewe. Picha ya ukutani huruhusiwi kuigusa. Sanamu inazungushiwa kamba, na mlinzi anakukoholea ukisogea. Sakafu aliyoitengeneza kitindamimba ukumbini humo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiona inayokudai uivulie viatu na kuikanyaga, la sivyo hujaiona. Ukaongeza kuwa anayeieleza sakafu amekosa kazi. Umemsahau Baba? Mzee yule, fundi wa sakafu, alikuwa hamwachi mteja atoke ukumbini mpaka amempigisha magoti, mtu na suti yake, apitishe kiganja juu ya terazo, saruji yake ya kokoto zilizosagwa, na akiri kwa kinywa chake kwamba haoni pale saruji inapoishia na jiwe linapoanzia. Kama kuieleza sakafu ni ukosefu wa kazi, basi sisi watatu tumelishwa na kuvishwa na mtu asiye na kazi.

Kwa kuwa hujaiona, na ile picha niliyokutumia uliijibu kwa neno moja tu, “Saruji”, acha nikusimulie ilivyotengenezwa.

Ilianza kwenye mifereji ya paa. Mwaka juzi, mvua zilipokatika, kitindamimba alianza kupita nyumba hadi nyumba mtaani kwetu akiomba kusafisha mifereji ya mabati bure, mradi aruhusiwe kuondoka na tope. Maneno yaliyosemwa unaweza kuyakisia. Mwanamke wa duka la vitambaa aliniuliza kwa upole kama mdogo wangu ameachwa na mchumba. Seremala wa kona alisema kwamba msomi akikosa ajira huanza na paa na kuishia jalalani. Yeye alicheka nao, akapanda ngazi, akashuka na ndoo. Nyumbani alilianika tope uani kwenye masinia. Likikauka alilipitishia sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kisha akakaa na hadubini kuukuu ya shule akitenga chembe kwa ncha ya kijiti. Nyingi zilikuwa kutu ya mabati na cheche za wachomeleaji. Lakini chache, Kaka, zilikuwa vidonge vyeusi vya mviringo, vidogo kuliko punje ya chumvi, vilivyoyeyuka njiani vikishuka kutoka angani. Vumbi la namna hiyo linatunyeshea mwaka mzima, juu ya kila paa, la tajiri na la maskini, na lina asili ya kale kuliko ardhi tunayoisimamia. Alinionyesha kwenye lenzi. Mimi, niliyewahi kubishana na waziri redioni mpaka akakata simu, nilimwomba anionyeshe tena. Nikang'ang'ania ile hadubini mpaka akaniuliza kama nakusudia kuhamia humo.

Kisha akafungua stoo ya Baba. Unayakumbuka magunia yale: Baba alikuwa amezipanga kokoto zake kwa rangi, nyeupe, nyeusi, damu ya mzee, kijani. Kitindamimba alizimwaga zote akazipanga upya kwa umri. Alizibeba kidogo kidogo kwenye mkoba hadi kwa mwalimu mmoja wa jiolojia aliyekuwa na subira ya kumsikiliza, akaambiwa hili lilikuwa moto wa volkano, hili lilikuwa matope ya chini ya bahari, na hili jeupe, ambalo Baba alilipenda kwa kuwa linakubali kung'arishwa, ni makombe ya viumbe waliokufa kabla mnyama yeyote mwenye mifupa hajatambaa nchi kavu. Mawe yaliyopungua akayatafuta machimboni. Kumbe miaka yote ile Baba alikuwa anasaga bahari na milima ya moto, anaosha mikono, anakuja mezani kutuuliza kama tumefanya kazi za shule.

Wazo lenyewe ni jepesi, na watu huliona gumu kwa sababu wanahangaika kutafuta lililofichwa. Halijafichwa kitu. Ukumbi mzima ni umri wa dunia. Nyuma, ukutani, pale palipokuwa na meza ya Baba, dunia inazaliwa, na mstari wa kwanza kabisa umechanganywa na vumbi lile la mifereji. Mbele, kwenye mlango wa barabarani, ni leo. Hatua yako moja ndefu inavuka zaidi ya miaka milioni mia moja. Unaingilia uani, unavua viatu, unatembea kuelekea barabarani. Sehemu kubwa ya safari ni kijivu, ndiyo hiyo saruji uliyoiona, kwa sababu sehemu kubwa ya wakati ilikuwa hivyo: maji, miamba, na uhai mdogo mno wa kuonekana kwa macho. Mimea ya nchi kavu unakutana nayo umeshaukaribia mlango. Dinosaria wakimalizika, nafasi iliyobaki kufika kizingitini ni kama rula ya mwanafunzi. Na sisi? Watu wote waliowahi kuzaliwa, waliolima, waliopigana, walioandika makala za hasira, ni unene wa ukanda mmoja wa shaba, wa aina ile aliyotumia Baba kutenganishia rangi za terazo, umesimamishwa kwa ubavu wake pale kizingitini. Hakuna zaidi ya hapo.

Aliyeimwaga sakafu hiyo ni Mzee Msasa, mshirika wa Baba tangu ujana wao, ambaye bado anaitwa hivyo kwa ajili ya viganja vyake. Alikubali kwa heshima ya marehemu, si kwa kuipenda kazi. Kile kijivu kilimuumiza. Kila siku alinung'unika kwamba hakuna mteja duniani anayetaka rangi ya mvua kutoka ukuta mmoja hadi karibu na mlango. Alipendekeza nyota katikati. Ilipokataliwa akapendekeza pindo, japo jembamba. Lilipokataliwa nalo akamuuliza kitindamimba marehemu amemkosea nini mpaka amwaibishe hivi ndani ya ukumbi wake mwenyewe. Kitindamimba alimjibu kwamba miaka hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mzee akasema basi miaka hiyo ilikosa fundi.

Unajua terazo ikishamwagwa haionyeshi kitu. Uso wote ni saruji mpaka mashine ya kusagia ipite na maji na kuumenya. Siku ya kusaga nilikuwepo, nimesimama kwenye mlango wa uani na kikombe cha chai. Mashine ilikuwa imefika karibu katikati ya ukumbi, Msasa anaisukuma, mdogo wetu anaondoa tope kwa mpira wa kukokotea maji. Tope likasogea, na pale, katikati ya mabilioni ya miaka isiyo na hata jani, likajitokeza ua jekundu. Petali tano, ukubwa wa kisahani, limetulia kana kwamba ndilo lenye nyumba.

Kitindamimba alikwenda ukutani akazima umeme. Akauliza hicho ni nini, kwa ile sauti yake ya chini inayotisha kuliko yangu ya juu. Msasa alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mkewe. Akaeleza kuwa hakuna sakafu iliyowahi kutoka mikononi mwao bila ua la fundi mahali fulani. Ndiyo sahihi yao. La kwake huwa na petali nne, la marehemu tano, na kwa kuwa ukumbi ni wa marehemu ameweka tano. Akaambiwa kwamba wakati huo duniani hapakuwa na maua, hapakuwa na hata nyasi. Mzee akafikiri kidogo, akasema basi dunia ishukuru kwamba kuna mtu aliyeiletea ua mapema.

Mimi nilikuwa upande wa nyundo na tindo. Nilihutubia pale pale kuhusu ukweli, na wajibu wa msanii kwa ukweli, na jinsi pambo moja la uongo linavyoweza kuharibu kazi nzima, mpaka Msasa akaniambia, Redio, punguza sauti, saruji bado changa. Unaona hata yeye hajaacha jina mlilonipa. Kitindamimba alitoka akakaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, ametugeuzia mgongo. Aliporudi aliwasha umeme, akamwomba mzee ampishe, na ua lile akalisaga yeye mwenyewe, taratibu, mpaka likatoka wazi kila ukingo. Siku ya kuufungua ukumbi, watu wakimuuliza, aliwajibu kwamba hilo ni kosa la mafundi na kwamba amelipokea. Nami nilijiuma ulimi nisimwongezee hotuba yangu.

Walikuja wengi mpaka viatu vikajaa uani na watu wakaondoka na vya wenzao. Mkosoaji wa gazeti pinzani, ambaye mimi na yeye hatusalimiani, alisimama katikati ya ukumbi akauliza sanaa yenyewe iko wapi. Nikamwonyesha miguu yake. Seremala yule wa maneno ya jalala alitembea hadi kizingitini, akainama kuutazama ukanda wa shaba, akageuka kuangalia alikotoka, kisha akarudi mpaka nyuma na kuanza upya, polepole zaidi. Mwanamke wa duka la vitambaa alikaa chini pale dinosaria wanapomalizika akacheka mpaka akajifuta macho. Alisema asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemfokea jirani yake kwa ajili ya kivuli cha turubai.

Hapa utaniletea hoja yako ya pili, ile nzuri, ambayo sikuijibu kwenye simu kwa sababu ilinichoma. Ulisema watu wetu wameambiwa vya kutosha kwamba wao si kitu. Kwa nini mtoto wa nyumba yetu atumie kokoto za Baba kuwaambia tena? Hoja hiyo ina uzito, na imetoka kwa mtu aliyeyameza maneno hayo akiwa kazini ili sisi tule. Lakini tazama ni nani anayesema. Bosi akikuambia wewe si kitu, anachomaanisha ni kwamba yeye ni kitu. Sakafu hii haina bosi. Kwenye ukanda ule wa shaba tajiri hana upana wake wa peke yake, wala mfalme, wala yule msimamizi aliyekutupia glavu usoni siku yako ya kwanza ugenini. Wote tumo ndani ya unene ule ule. Na ukishakivuka kijivu chote kile kwa nyayo zako mwenyewe, hufiki mlangoni ukijiona mdogo. Unafika ukijiona umesubiriwa. Mvua zote zile, miamba yote ile kupoa, bahari kuja na kuondoka, na mwisho wake ni wewe umesimama kizingitini, harufu ya mkate inatoka dukani, na mtu barabarani anakupigia honi umpishe. Aliyesubiriwa hivyo hawezi kuitwa si kitu. Nimesoma vitabu vingi vilivyonifanya nikasirike, na sivijutii. Ukumbi huu ni kitu cha kwanza kilichonitoa mlangoni na shukrani nisiyojua nimpe nani. Ndiyo maana nakupa wewe kwanza.

Sasa habari za Mama.

Ukipiga simu anakuitikia vizuri. Anakuuliza umeamkaje, umekula, watoto hawajambo, baridi imezidi. Anakutakia heri, anamrudishia kitindamimba simu. Umeniambia mara nyingi kwamba sauti yake haijazeeka, na ni kweli. Salamu hazijamtoka, Kaka. Mengine yamemtoka. Mama anapotea, si njiani bali ndani ya siku. Hajui mwaka. Hajui kwamba Baba amefariki. Mara nyingi hajui mimi ni nani, ingawa ananiheshimu sana na kunikaribisha chai. Daktari ametutajia ugonjwa kwa jina lake, akatuambia hakuna njia ya kuurudisha nyuma.

Usikasirike bado. Siku daktari alipotueleza, Mama alikuwa angali na akili yake ya kuamua. Alituketisha sisi wawili jikoni akatukataza kukuambia. Alisema ukijua utaacha kila kitu uje, na kwamba umeshaacha vya kutosha kwa ajili ya nyumba hii. Nilibishana naye, unanijua. Nilimwambia kwamba huo ni udikteta. Akanijibu, Redio, siku nitakayosahau kwamba nimewakataza, mwambieni. Akacheka kwa ujanja wake mwenyewe, nasi tukacheka, maana ulikuwa ujanja hasa. Tangu hapo, kila baada ya muda, nilikuwa namuuliza kama kuna jambo alilotukataza kumwambia kaka. Alikuwa ananikazia macho na kusema lipo, na thubutu. Wiki iliyopita nilimuuliza tena. Akaniuliza kwa adabu, kaka yupi.

Kwa hiyo nakuandikia. Mwenye amri ametuachilia.

Kinachomtesa si kusahau. Ni kuchelewa. Ikifika alasiri huanza kuhangaika: amechelewa kutuchukua shule, amechelewa kubandika sufuria, Baba atarudi na maji ya kuoga hayajapashwa. Anakwenda mlangoni, anarudi, anatafuta kitambaa cha kichwa kilichoko kichwani. Kila chumba kinamsuta, saa ya ukutani, kalenda, picha zetu, na zaidi ya vyote sisi wenyewe, tukimwambia Mama, watoto wako ndio sisi, tumeshaota mvi. Tulikuwa tunamsahihisha kwa mapenzi, na kila tulipomsahihisha alilia. Nilimpeleka benki siku moja. Kwenye vigae vyao vinavyong'aa alisimama, akapandisha gauni, akaanza kutafuta mahali pa kuvukia, kwa kuwa machoni pake yalikuwa maji. Walinzi wakacheka. Nadhani unaweza kukisia niliyowaambia.

Alasiri moja kitindamimba, akiwa amechoka na hana mbinu nyingine, alimvua viatu, akamwingiza ukumbini kwa mlango wa uani na kumshika mkono. Walipofika kwenye kijivu Mama akamuuliza, hapa ni lini? Mdogo wetu alimwambia ukweli wa mahali pale, kama anavyomwambia mgeni yeyote: hapa bado hakuna mtu, Mama. Hakuna mtu yeyote, bado.

Mama akashusha pumzi. Akasema, “Basi hatujachelewa.”

Tangu siku hiyo hutembea humo kila alasiri. Huenda taratibu, mkono wa kushoto nyuma, kama mkaguzi. Akilifikia ua lile husimama, hupitisha kidole gumba cha mguu kwenye petali moja moja, kisha humwambia aliye karibu kwamba mume wake huweka tano. Mwaka haujui, Kaka, lakini tano anaijua. Mzee Msasa siku hizi huja kujifanya anakagua nta. Akimkuta Mama hapo huvua kofia, na Mama humwagiza amwambie Baba asikawie. Msasa hujibu kwamba yuko njiani, anamalizia kona. Kisha hutoka uani na kukaa kwenye ndoo.

Usinielewe vibaya. Sikuambii kwamba sakafu hii ni sanaa kwa kuwa inamtuliza Mama. Hoja hiyo naichukia. Ni hoja ya watu wanaotaka kila wimbo uwe dawa ya kikohozi. Kazi ilikuwa kamili kabla Mama hajaikanyaga, na ingebaki kamili hata kama isingemfaa mtu. Hoja zangu nimeshazimaliza huko juu. Hii ni habari tu, ila ni habari ya mama yako.

Nami nashukuru, na hili niliandike wazi kwa sababu najua utaisoma sehemu hii ukiwa na uchungu. Nilidhani miaka hii ingekuwa ya kuomboleza mtu aliye hai. Badala yake nimempata mama ambaye sikuwahi kumwona. Mama wa utoto wetu alikuwa hakai. Alikuwa anakula amesimama, anatusuka huku akipiga hesabu za kesho. Sasa namwona anatembea bila haraka, anaangalia chini ya miguu yake, anafurahia ubaridi wa sakafu. Namshukuru Msasa kwa ukaidi wake. Namshukuru kitindamimba, ambaye alivumilia ucheshi wa mtaa mzima akiwa juu ya ngazi. Na nakushukuru wewe, kwa kuwa ulilala vyumba vya watu wengi kule ili siku moja mtu wa nyumba hii aweze kukaa na kuwaza juu ya vumbi.

Sasa sikiliza ninachokutaka. Kabla hujafunga begi lolote, mpigie muuza vigae umwambie ukumbi haupangishwi. Usimwambie utafikiria. Kisha njoo. Ukifika usikimbilie kumlaki Mama sebuleni, mbele ya picha zako. Subiri alasiri, pitia uani, vua viatu, mshike mkono wa kushoto, maana wa kulia una mwenyewe, kitindamimba. Usimuulize kama anakujua. Najua ulimi utakuwasha, kwa kuwa utakuwa umesafiri mbali mno ili kusikia jina lako. Usimuulize. Nenda kwa mwendo wake, na akikuuliza lolote, mjibu la mahali mliposimama.

Kitindamimba anakusalimu sana. Hajui kwamba naandika kwa ukali huu, angenisihi nipunguze. Mzee Msasa naye anakusalimu na anatumaini mgongo unapata nafuu. Mama nimemwambia naandika barua, akasema niandike kwa hati nzuri na nimtakie heri huyo ninayemwandikia. Nami nakutakia. Wakumbatie watoto, na uvae makoti.

Na wewe, wifi, najua barua za huku unazisoma wewe kwa sauti kwa sababu yeye hupoteza miwani kila siku. Ukifika mstari huu atakuwa ameinuka kwenda kusimama dirishani. Mwache asimame. Halafu mtie simu mkononi, na usikae mpaka umesikia muuza vigae ameambiwa hapana.

Mdogo wako akupendaye,

Redio